Droni inayumba? Usikimbilie namba

Vijana wanaoniletea droni za kujiundia hapa Kirumba, Mwanza, wana kilio kimoja: "Fundi, inayumba, nirekebishie PID." Hizo ni namba tatu, P, I na D, zinazoiambia bodi inayoongoza mota isahihishe mwendo kwa nguvu kiasi gani. Kompyuta siigusi kwanza. Naipindua droni, nazungusha propela moja moja kwa kidole huku nikiangalia kama ncha zake zinapita mstari mmoja.

Kinachoisimamisha droni ya mota nne ni jairo, kihisi cha mzunguko wa mwili. Ikihisi mwili unainama, bodi inaongeza kasi ya mota za upande ulioshuka. Sasa propela ikiwa na upande mzito, fremu nzima inatetemeka, na jairo inaipelekea bodi uongo mtupu. Hapo hata ubadilishe namba mpaka usiku, utachosha betri tu.

Kwa hiyo ipitishe propela kwenye msumari mwembamba ulionyooka. Upande unaoshuka ndio mzito. Bandika kipande cha selotepu mgongoni mwa ule mwepesi mpaka itulie mlalo. Iliyomeguka itupe, usiione huruma. Kaza skrubu za mota, kisha kalisha bodi juu ya sponji laini. Betri ikishafungwa, inyanyue droni kwa vidole viwili katikati. Ikilalia upande wowote, sogeza betri.

Usawa wa droni upangie mezani, ukitumia pima maji. Majabali yetu yanavutia kwa picha, ila mengi hayako sawa. Dira nayo isipangiwe juu ya bati wala zege lenye nondo.

Namba sasa. Toka asubuhi mapema, kabla upepo wa ziwani haujaanza kuvuma kuja nchi kavu. Pandisha P kidogo kidogo. Ukiona mtetemo wa haraka, rudi nyuma. Ikiwa inadundadunda unapoachia kijiti, ongeza D, halafu itue na uguse mota. Zikikuunguza, D imezidi, au ule mtetemo bado upo. I naipima alasiri, upepo ukiwa umekolea: pua ikisukumwa taratibu na isirudi, I ni ndogo. Ikianza kubembea polepole, umepitiliza.

Na namba za kwenye video usizinakili kama zilivyo. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, hivyo droni ileile inahitaji mota zizunguke kasi zaidi kuelea hapa kuliko Dar es Salaam.

Kipima mgandamizo wa hewa kifunike kwa sponji yenye matundu, la sivyo kila upepo ukivuma droni itadhani imepanda au imeshuka. Juu ya maji usiitegemee kamera ya tumboni: mawimbi yanatembea, nayo inayafuata ikidhani ni ardhi. Tumia GPS. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kiwe mkononi, na upande wa uwanja wa ndege, kule Ilemela, usirushe kabisa.