Unanunua RAM ya desktopu? Anza kuangalia prosesa

Wadau wa Mbeya na Iringa mnaochukua desktopu used pale Mwanjelwa kwa ajili ya stationery au kuediti video za harusi, hili tuliweke sawa kabla hujatoa hela.

RAM (memori ya muda ya kompyuta) haiongei na prosesa (ubongo wa kompyuta) hivihivi, kuna kitu kinaitwa memori kontrola ndo kinachopanga data iingie na kutoka. Zamani kilikaa kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), kampuni ya AMD wakakihamishia ndani ya prosesa na Athlon 64 mwaka 2003, Intel wakafuata 2008 na Core i7 za kwanza. Kwa hiyo siku hizi prosesa ndo inasema DDR ipi (yaani kizazi cha RAM: DDR3, DDR4, DDR5) na mwisho GB ngapi. Core i5 desktopu ya kizazi cha 4 ni DDR3 tu, mwisho 32GB. Kizazi cha 12 Intel waliweka kontrola inayokubali DDR4 na DDR5 ila mazabodi karibu zote zinabeba aina moja, AMD na Ryzen 7000 zao ni DDR5 basi.

Sasa hapa ndo watu wengi wanapoteza: desktopu nyingi zina chaneli mbili (njia za data kati ya RAM na prosesa), na DDR4 ya spidi 3200 kwenye chaneli moja inapitisha 25.6GB kwa sekunde, zikifanya kazi zote mbili inakuwa 51.2. Ndo maana nasema chukua 8GB mbili, achana na 16GB moja, hasa kama huna kadi ya grafiki maana picha nazo zinakula RAM hiyohiyo.

Kufunga: zima, chomoa waya ukutani. Kama sloti ziko 4 mara nyingi unaweka ya 2 na ya 4 ukihesabu kutoka kwenye prosesa, soma maandishi A2 na B2 pembeni, bonyeza mpaka usikie "ta". Washa, ingia BIOS (menyu ya mipangilio kabla Windows haijafunguka) uwashe XMP au EXPO kama ipo, ndo inayoipa RAM spidi iliyoandikwa juu yake, bila hiyo DDR5 ya 6000 inaweza kubaki 4800.

Halafu fungua CPU-Z (programu inayoonyesha vifaa vya kompyuta) sehemu ya Memory uone kama inasoma chaneli mbili. Ukikuta spidi 1600 kwenye RAM ya 3200 usiirudishe dukani, iko sawa kabisa, DDR inatuma data mara mbili kwa kila pigo la saa ya ndani (clock).

Na usijaze sloti zote 4 bila sababu, kontrola inaelemewa: Ryzen 7000 rasmi ni 5200 kwa RAM mbili, kwa nne inashuka mpaka 3600. Ukitaka 32GB, nunua 16 mbili.