Namna ya kudai fidia ya ugonjwa wa mapafu uliotokana na kazi

Mfanyakazi aliyechoronga mwamba wa dhahabu Chunya, aliyechimba makaa ya mawe Kiwira au aliyeshinda kwenye vumbi la mbao Mafinga akianza kukohoa, watu humwambia ni baridi ya huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, au ni kifua kikuu. Kwa hiyo, kabla ya fomu yoyote, mweleze daktari kazi ulizofanya, hata zile ulizoacha zamani, kwa kuwa silikosisi, ugonjwa uletwao na vumbi la mawe, huweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kutoka mgodini. Omba upimwe makohozi, upigwe picha ya kifua na upimwe nguvu ya mapafu kwa kupuliza. Kukutwa na kifua kikuu hakuondoi uwezekano wa silikosisi. Vumbi hilo lenyewe huongeza hatari ya kuambukizwa, na mtu anaweza kuwa na yote mawili.

Kisha andika historia yako ya kazi: mwajiri, miaka, kazi yenyewe, kama uchorongaji ulikuwa wa maji au mkavu, na kama ulipewa barakoa. Ambatisha mkataba, hati za mshahara na majina ya mliofanya kazi pamoja. Omba pia nakala za vipimo vya afya vya kuanza kazi na vya kila kipindi, ambavyo mwajiri anawajibika kuvifanya chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Kwa maoni yangu, karatasi hizi zina uzito kuliko maelezo yoyote ya mdomo.

Mwarifu mwajiri kwa barua, nawe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Yeye ndiye anayepaswa kutoa taarifa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Akikawia, nenda mwenyewe katika ofisi ya Mfuko, wala usiache miezi 12 ipite tangu ugonjwa ugundulike. Michango hulipwa na mwajiri peke yake, hivyo mshahara wako usikatwe hata senti kwa ajili hiyo.

Mfuko hugharimia matibabu na hulipa asilimia 70 ya mshahara wakati wa ulemavu wa muda. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Kwa sababu kiwango hicho huamua mengi, siku ya tathmini chukua picha zako zote za kifua, za zamani na za sasa, ili daktari aone mapafu yalivyobadilika.