Moyo ukienda mbio, hesabu kwanza

Nimekuwa muuguzi wa zahanati huku Pangani miaka mingi, na mtu akiingia ameshika kifua husema lile lile: "Nesi, presha imepanda." Nampima, presha haina neno. Kilichopanda ni mapigo. Kwenye mashine ni ile namba ya chini kabisa, ambayo wengi hawaiangalii.

Huna mashine? Kaa kitako dakika tano bila maongezi. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Dole gumba lenyewe usilitumie, lina mdundo wake litakuchanganya. Hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Wapo wanaohesabu sekunde 15 wakazidisha mara nne. Mimi sipendi, mapigo yanayorukaruka hayashikiki hivyo. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Kichanga hata 150 ni kawaida yake, usimpime kwa kipimo chako.

Umepata 115? Mara nyingi moyo wenyewe ni mzima, unahangaikia shida iliyo kwingine. Homa hupandisha mapigo kama 10 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo kapime malaria. Kuharisha na kushinda juani bila maji, vivyo hivyo. Halafu kuna kahawa ya barazani, mirungi, vinywaji vya kuongeza nguvu, pampu ya pumu, na hofu.

Ila hofu isisingiziwe upesi. Alikuja mama mmoja muuza chapati, 118 akiwa amekaa, ameshauziwa dukani dawa ya wasiwasi. Nikamvuta ngozi chini ya jicho: kweupe pe. Kupima wingi wa damu, 6 tu. Hedhi yake ilikuwa inakwenda siku tisa, na hakudhani ni jambo la kumwambia mtu. Damu ni chache, moyo unaizungusha haraka haraka itoshe. Siku hizi mwanamke namuuliza hedhi kabla ya kahawa.

Ukikonda na huku unakula vizuri, mikono ikatetemeka, omba kupimwa tezi ya shingo.

Moyo unaowaka ghafla kama taa, ukafika 180, kisha ukazima ghafla, huo una hitilafu ya umeme wake. Keti, jikaze kama uko chooni kwa sekunde 15. Wakati mwingine hutulia. Usipotulia, kimbilia hospitali wakupime ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ungali unadunda, maana ukishatulia kipimo huenda kisionyeshe kitu. Na mapigo yasiyo na mpangilio usikae nayo nyumbani: damu inaweza kuganda ndani ya moyo ikaleta kiharusi.

Kifua kinauma, pumzi inakata, au umezimia? Acha kuhesabu, nenda sasa hivi, na usiendeshe pikipiki mwenyewe.

Wengine, andikeni kwenye karatasi: namba, saa, ulikuwa unafanya nini, umekunywa nini, dawa gani unatumia. Mkabidhi daktari kabla hajauliza.