Jinsi ya Kutumia Takwimu za Wodi Kuboresha Huduma ya Watoto Wachanga Wagonjwa

Hospitali nyingi za wilaya na mikoa nchini Tanzania hazina uhaba wa takwimu za watoto wachanga. Rejesta hujazwa, ripoti za MTUHA (mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya) hupelekwa kila mwezi, na mara nyingi namba huishia huko. Mwongozo huu unahusu namna wodi yenyewe inavyoweza kusoma namba zake na kurekebisha jambo kabla mwezi mwingine haujapita. Haja ipo: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikadiria kuwa kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai nchini, 24 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja, ilhali Malengo ya Maendeleo Endelevu yanataka vifo hivyo visizidi 12 ifikapo 2030.

Anza na kipimo kimoja tu, nacho kwa maoni yangu kiwe joto la mwili wakati mtoto anapopokelewa wodini. Si kwamba vipimo vingine havina maana, bali hiki hakihitaji maabara, jibu lake hupatikana papo hapo, na hueleza yaliyompata mtoto kabla ya kufika: alikaushwaje leba, alisubiri wapi, alibebwaje. Joto linalokubalika ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 za Selsiasi. Mtoto aliyepoa, hasa njiti, hutumia oksijeni na sukari nyingi kujipasha joto, kwa hiyo kupoa huongeza hatari ya kushindwa kupumua na ya sukari kushuka.

Kabla ya kukokotoa chochote, fungua rejesta na usome safu ya joto mstari kwa mstari. Ukikuta 36.5 imejirudia ukurasa mzima, kuna uwezekano mkubwa kwamba namba inaandikwa bila mtoto kupimwa. Ukikuta 35.0 nyingi, kikague kipimajoto chenyewe, kwa sababu vile vya zebaki vya kawaida huanza kusoma kwenye nyuzi 35, na mtoto mwenye nyuzi 33 ataonekana ana 35. Katika hali hiyo dawa ni kupata kipimajoto kinachosoma joto la chini, wala si kumkaripia muuguzi. Nafasi iliyoachwa wazi nayo isihesabiwe kuwa joto la kawaida. Hapo ndipo ripoti nyingi zinapopotoka bila mtu kukusudia.

Tuseme mwezi huu wamepokelewa watoto 40, waliopimwa joto ni 28, na kati yao 14 walikuwa chini ya nyuzi 36.5. Andika namba mbili: waliopimwa ni asilimia 70 ya waliopokelewa, na waliopoa ni asilimia 50 ya waliopimwa. Ukigawanya 14 kwa 40 utapata asilimia 35, na utakuwa umewahesabu watoto 12 wasiopimwa kana kwamba wote walikuwa na joto zuri. Kisha tenganisha waliozaliwa hospitalini hapo na walioletwa kwa rufaa. Ikiwa waliopoa wengi walizaliwa leba yenu, tatizo liko ndani ya uwezo wenu. Ikiwa wengi wametoka zahanati za jirani, mazungumzo yafanyike na zahanati hizo pamoja na wanaopanga safari za gari la wagonjwa.

Vifo navyo vihesabiwe, lakini kwa makundi ya uzito wa kuzaliwa: chini ya gramu 1,000, 1,000 hadi 1,499, 1,500 hadi 2,499, na 2,500 kuendelea. Hospitali inayoanza kupokea njiti wadogo waliokuwa wakifia njiani itaona asilimia yake ya vifo ikipanda hata kama huduma imeimarika, na msimamizi asiyejua hilo ataiadhibu kwa kazi njema.

Namba hizo zichorwe ukutani wiki kwa wiki, kwa kalamu na karatasi ya miraba ikiwa kompyuta haipo. Chora mstari kwenye thamani ya kati ya wiki za mwanzo, yaani ile ambayo nusu ya wiki ziko juu yake na nusu chini yake. Wodi ndogo hubadilikabadilika sana, na wiki moja mbaya haithibitishi lolote. Nukta sita au zaidi zikifuatana upande mmoja wa mstari, hapo kuna badiliko la kweli. Chati isiwe na jina la mtoto wala la mama, wala namba ya faili.

Kikao cha kusoma chati kisizidi nusu saa, na wakunga wa leba wawepo, kwa sababu joto hupotea mikononi mwao kabla ya kupotea wodini. Chagueni jambo moja la kujaribu, mkimtaja mhusika na tarehe ya kuanza. Mnaweza kuhakikisha chumba cha kujifungulia hakipungui nyuzi 25, au kwamba mtoto anakaushwa mara moja, anavalishwa kofia na kupelekwa wodini kifuani kwa mama yake au ndugu badala ya kubebwa ndani ya khanga mbichi. Utafiti uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa kuanza huduma ya kangaruu, yaani mtoto kuwekwa kifuani ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo kwa asilimia 25 miongoni mwa watoto wenye uzito kati ya kilo 1 na chini kidogo ya kilo 1.8. Hesabuni pia waliozidi nyuzi 37.5, maana bidii ya kupasha joto inaweza kupita kiasi.

Chati ikitulia kwa miezi kadhaa, joto lipitiwe mara moja kwa mwezi, na nafasi yake ya kila wiki ichukuliwe na kipimo kingine, kwa mfano idadi ya watoto wanaopumua kwa shida waliowekwa kwenye CPAP, mashine inayosukuma hewa puani ili mapafu yabaki wazi, kati ya wote waliostahili, au saa ambazo njiti hukaa kifuani kwa siku. Watumishi wanapohamishwa, anayeondoka amkabidhi mwenzake chati pamoja na maelezo ya jinsi kila namba inavyokokotolewa.