Usiiamini sifuri ya testeri

Juma lililopita kijana ninayemfundisha kazi ya umeme alinipigia simu kutoka nyumba moja ya Birere, hapa Goma. "Papa, hakuna kurani (umeme), testeri inaonyesha sifuri. Nifungue prizi?" Nikamwuliza: hiyo testeri, mita yako ya kupimia umeme, umeijaribu wapi? Kimya. Nikamtuma kwa jirani ambaye taa zake zilikuwa zinawaka, aipime prizi (soketi) ya kule. Sifuri vilevile! Waya nyeusi ya testeri ilikuwa imekatika ndani, karibu na pini, pale inapokunjwa kila siku. Kwa macho huoni kitu.

Kwa hiyo pima mara tatu. Kwanza mahali unapojua kurani ipo, usome volti 220 au karibu yake. Kisha pale unapotaka kufanya kazi. Kisha rudi pale pa kwanza, maana testeri inaweza kufa katikati. Kama mtaa mzima umezimwa, mimi huijaribu kwenye inveta ndogo ninayotembea nayo, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Betri ya pikipiki haitoshi: inahakikisha upande wa DC, umeme wa betri, na wewe unategemea ule wa AC, umeme wa nyumbani.

Na mtaa kuzimwa si ruhusa ya kushika waya. Goma hii, kurani inarudi bila hodi, na jenereta iliyofungwa bila swichi ya kubadilisha inaweza kurudisha umeme kwenye laini mpaka kwako. Zima dijonkteri (swichi ya kukata umeme), ifunge au mweke mtu aichunge, ndipo upime: fazi (waya inayoleta umeme) na nuetri (waya inayourudisha), fazi na waya ya ardhi, nuetri na waya ya ardhi. Usiridhike na waya ya ardhi peke yake. Kwenye mawe haya ya volkano ya Nyiragongo nimeona chuma cha ardhi kilichogonga mwamba kikaachwa kimeingia kiganja kimoja tu.

Sasa matundu ya testeri. Waya nyeusi hukaa kwenye tundu la COM, nyekundu hukaa kwenye la V, la volti. Ukiiacha nyekundu kwenye tundu la 10A, la kupimia ampea, ulilotumia jana, halafu ukagusa prizi, umeunganisha fazi na nuetri kwa mkono wako, kwa sababu nyuma ya tundu hilo njia ni wazi, karibu haina upinzani. Testeri nyingi za njano za bei rahisi zimeandikwa penyewe kwamba tundu hilo halina fyuzi. Mimi nina ncha moja iliyoyeyuka kama mshumaa. Sitaki kueleza zaidi. Kwenye kibao cha dijonkteri tumia testeri yenye alama ya CAT III (daraja la usalama la testeri), 600 V au zaidi, na waya zake ziwe na alama hiyo hiyo. Vidole vibaki nyuma ya kingo za plastiki. Upande wa omu, wa kupimia upinzani, usiuguse kabisa kama kurani ipo.

Ile waya nyeusi nimeikata vipande viwili, mtu asije akaizungushia tepu na kuirudisha kazini.