Mgonjwa wa kirusi akiwa kwenye mashine: jinsi ya kumkinga na nimonia ya bakteria

Manesi wenzangu na madokta mnaoanza kazi ICU, yani chumba cha wagonjwa mahututi, hata nyie ndugu mnaokaa kwenye benchi pale nje mkisubiri habari, nimeandika hii kwa ajili ya mgonjwa wa aina moja tu, yule aliyekuja na mafua makali au Korona, mapafu yakagoma, akawekewa bomba kooni na sasa mashine ndo inampumulia. Huyu mtu anaweza akakishinda kirusi kabisa halafu akaondoka kwa nimonia ya bakteria aliyoipatia hapo hapo kitandani kwetu. Nimeyaona haya na yananiuma, kwasababu sehemu kubwa ya kuyazuia iko mikononi mwetu.

Nilikuwa bado mgeni kazini, kuna mama mmoja siku ya sita yuko kwenye mashine, oksijeni ya mashine tumeishusha kutoka asilimia 60 mpaka 40 na wote tumefurahi. Asubuhi nikamlaza chali kabisa nimwogeshe, uji wa mpira wa puani unaendelea kushuka sijaufunga, mara nikaitwa kitanda cha jirani, nikaenda, na niliporudi alikuwa bado amelala vile vile nilivyomwacha. Siku mbili baadae homa 39, makohozi ya kijani mazito, oksijeni imepanda mpaka 80. Alikuja kupona lakini alikaa wiki tatu zaidi. Siwezi kuapa kwamba ni zile dakika tu, ila tangu siku hiyo hakuna mgonjwa wangu analazwa chali na chakula kinatiririka.

Kwanza uelewe kwanini mgonjwa wa kirusi ndo rahisi hivyo. Njia ya hewa ina vinyweleo vidogo sana vinavyofagia uchafu na kamasi kwenda juu muda wote, kirusi kikipita kinaharibu huo ufagio, kamasi inakaa, kinga ya mwili imechoka na kuchanganyikiwa. Juu ya hapo sisi tunamuwekea bomba linaloacha koo wazi, tunampa dawa za usingizi zinazozima kikohozi, na wengi wa Korona tunawapa deksamethasoni, dawa ya steroidi, ambayo inaokoa maisha kweli lakini inapunguza makali ya kinga. Mate yenye vijidudu yanakusanyika juu ya lile puto la bomba, tunaliita kafu, yanapenya kidogo kidogo pembeni yanashuka mapafuni. Ndo njia yenyewe hiyo, wala haingii kwa upepo wa dirishani kama ndugu wengi wanavyodhani.

Na sio kitu cha juzi. Vifo vingi vya ile homa ya mafua ya mwaka 1918 vilimaliziwa na nimonia ya bakteria baada ya kirusi kufungua mlango. Wakati wa Korona, hospitali 36 za Ulaya ziliangalia wagonjwa 1,576 waliokuwa kwenye mashine, wa Korona walipata maambukizi ya njia ya chini ya hewa kwa 50.5%, wa mafua 30.3%, wasio na kirusi 25.3%. Kule Chicago nao watafiti wa chuo cha Northwestern walifuatilia wagonjwa 585 wa nimonia kali, matokeo yakatoka 2023, wakakuta karibu nusu ya wale wa Korona walipata nimonia ya mashine, na wale ambao hiyo nimonia ya pili haikutibika vizuri ndo walikufa zaidi. Yani kinachoua hapo sio kirusi peke yake, ni hii ya pili tukichelewa kuiona au tukiitibu ovyo.

Sasa tuanze na kitanda. Kichwa na mgongo viwe juu nyuzi 30 mpaka 45, labda dokta awe ana sababu ya kukataza, kama presha iko chini sana au uti wa mgongo umeumia. Barcelona walishawahi kupima hii, matokeo yakatoka 1999, waliolala chali 34% walishukiwa kupata nimonia na walioinuliwa 8% tu. Kitanda chako hakina kipimo cha nyuzi? Pima urefu wa ile sehemu ya mgongo inayoinuka, kama ni sentimita 80 basi ncha yake ya juu iwe imepanda sentimita 40, yani nusu ya urefu, hapo una nyuzi 30 kamili. Usikadirie kwa macho, macho yanadanganya sana, nimeona watu wanaapa ni 30 kumbe ni 15. Ukitaka kumshusha umgeuze au umwogeshe, funga chakula kwanza, maliza, muinue, ndo ufungue. Na anayelazwa kifudifudi kwa sababu ya mapafu, inamisha kitanda chote kichwa kiwe juu kidogo kuliko miguu.

Kafu: presha yake iwe kati ya sentimita 20 na 30 za maji, pima kila shifti kwa kile kipimo chake. Kubinya kale kaputo ka nje kwa vidole ukasema iko sawa haisaidii. Ikiwa chini mate yanapita, ikiwa juu unaumiza koo la mtu. Kabla hujaitoa upepo au kusogeza bomba, nyonya kwanza mate yote ya mdomoni na nyuma ya koo, usipofanya hivyo ule mzigo wote uliokaa juu unateremka mapafuni kwa mkupuo.

Mdomo ni mswaki, jamani. Mswaki laini, meno, fizi na ulimi, kila siku, na sakshon, ile mashine ya kunyonya mate, iwe karibu. Zamani tulikuwa tunamwaga klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu vya mdomoni, tukiamini ndo kinga, lakini mwongozo wa Wamarekani wa 2022 umeshaachana nayo kwa wagonjwa wa mashine, mswaki umebaki. Hapa ndugu wanaweza kusaidia kweli, mleteeni mgonjwa mswaki laini mpya, ni kitu cha bei ndogo na kina maana kuliko matunda ambayo hawezi kula.

Kunyonya makohozi fanya pale anapohitaji, ukisikia yanakoroma au ukiona mashine inalalamika presha, sio kila saa kwasababu karatasi imeandikwa kila saa. Mpe oksijeni ya kutosha kabla, usizidishe sekunde 15, usimwagie maji ya chumvi ndani ya bomba kila mara kwa mazoea. Yale maji yanayotuama kwenye mipira ya mashine yamwage kuelekea nje mbali na mgonjwa, ukiinua mpira yakarudi kwake umemmiminia vijidudu mwenyewe.

Mikono sasa, hapa nitasema kwa uchungu kidogo. Wakati wa Korona tulivaa magauni na glavu pea mbili tukajiona tuko salama, na sisi kweli tulikuwa salama, ila glavu zile zile zilitoka kitanda namba 3 zikaenda namba 4 zikagusa bomba. Bakteria wa hospitalini kama Akinetobakta na Klebsiela wanapenda sana hiyo safari. Glavu inakukinga wewe, haimkingi anayefuata. Kila mgonjwa mpya vua, osha au sanitaiza, vaa nyingine, hata kama unagusa skrini ya mashine tu.

Halafu kinga kubwa kuliko zote ni kumtoa kwenye mashine mapema. Kila asubuhi uliza, leo tunaweza kupunguza dawa za usingizi aamke, ajaribu kupumua mwenyewe? Kama dokta amesahau kuuliza, uliza wewe nesi, hiyo sio kumvunjia heshima. Siku moja pungufu na bomba ni siku moja pungufu ya hatari.

Antibiotiki ndo zinaleta ugomvi. Ndugu anakuja, “Sista shikamoo, mbona mgonjwa wetu hajaandikiwa antibiotiki kali?” na unamuonea huruma, anataka kuona kitu kinafanyika. Mueleze taratibu kwamba antibiotiki haiui kirusi. Shirika la Afya Duniani lilisema 2024 kwamba katika wagonjwa wa Korona waliolazwa ni 8% tu walikuwa na bakteria wa kutibiwa, lakini watatu kati ya wanne walipewa. Zile dawa zilizotolewa bila sababu zinaua bakteria wapole, wanabaki sugu, na nimonia ya siku ya saba ikija unakuta antibiotiki kama seftriaksoni haina kazi.

Ila usichukulie kwamba hazitolewi kabisa. Mafua makali yaliyomfikisha mtu kwenye mashine mara nyingine yanakuja na bakteria tangu nyumbani, nyumokoka au stafilokoka, hasa yule aliyeanza kupata nafuu akazidiwa tena ghafla, huyo dokta ataanza dawa mapema na yuko sahihi. Kinachotakiwa ni kwamba baada ya saa 48 mpaka 72 majibu yaangaliwe, kama hakuna bakteria na mgonjwa haonyeshi dalili, dawa isimamishwe. Kuanza wengi wanaweza, kusimamisha ndo kunaogopwa.

Nimonia ya mashine tunaihesabu ikitokea baada ya saa 48 za bomba. Utaijuaje wakati kirusi chenyewe kimeshaweka homa na eksirei yote ni nyeupe? Angalia mabadiliko, usiangalie namba moja. Alikuwa ametulia siku mbili, ghafla anataka oksijeni zaidi. Makohozi yalikuwa machache meupe, sasa ni mengi, mazito, njano au kijani, yananuka. Homa imerudi baada ya kupotea, au mwili umekuwa wa baridi chini ya 36. Chembe nyeupe za damu zimepita 12,000 au zimeshuka chini ya 4,000. Kumbuka deksamethasoni inaficha homa na inapandisha chembe nyeupe, kwahiyo kwa mgonjwa huyo mimi naamini zaidi makohozi na oksijeni. Ndomana kila shifti andika rangi, wingi na uzito wa makohozi, usiandike “yapo”, neno hilo halimsaidii nesi wa usiku kulinganisha chochote.

Ukishuku, mwite dokta na chukueni sampuli kabla dozi ya kwanza haijaingia, isipokuwa mgonjwa anaporomoka presha, hapo msichelewe. Nyonya kutoka ndani ya bomba kwa mpira safi kwenye kikopo kisicho na vijidudu, sio mate ya mdomoni. Ipelekwe maabara ndani ya saa 2, ikishindikana ikae kwenye friji, usiiache dirishani mpaka mtu wa maabara apite. Chukueni na damu ya kuotesha vijidudu maabara. Majibu kamili ni siku mbili tatu, wakati huo dokta anachagua dawa kufuatana na vijidudu vinavyojulikana wodi yenu na usugu wao, wala sio kufuatana na hospitali aliyosomea. Majibu yakija, dawa ibanwe iwe ile inayolenga huyo kijidudu. Na bakteria akiota kwenye sampuli lakini mgonjwa anaendelea vizuri, anaweza kuwa mpangaji tu ndani ya bomba, hatibiwi.

Siku 7 zinatosha kwa wengi wanaoitikia dawa. Andika tarehe ya kuanza na ya kumaliza pale juu ya faili, kila mtu aione. Kama siku ya tatu hakuna nafuu yoyote msiongeze dawa juu ya dawa, tafuteni sababu: usaha kwenye utando wa pafu, fangasi, dawa isiyofika, au sio nimonia kabisa.

Bomba likitoka kuna mtego wa mwisho, ndugu wanakimbia na chupa ya uji kwa furaha. Subirini kwanza. Koo lililokaa na bomba siku nyingi linasahau kumeza, uji unaingia pafuni kimya kimya bila hata kukohoa. Mkalishe wima, mpe kijiko kimoja cha maji, sikiliza sauti yake akishameza, ikikoroma kama ina maji ndani au pumzi ikibadilika, uji usubiri na mpira wa puani ubaki kwanza, jaribu tena kesho yake asubuhi.