Kuchora mimea ya majini kwa rangi za maji na kuiandaa kwa kitabu: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia kijana mmoja wa hapa Dodoma kuandaa kijitabu cha mimea ya majini, ambacho anakichapisha kwa gharama zake mwenyewe. Nachukulia kwamba msomaji anajua kushika brashi na kupima umbo kwa penseli, hivyo hayo sitayagusa.

Hatua ya 1: Wakati na mahali

Mvua zetu huanza Desemba na kwisha Aprili, kisha malambo mengi hukauka; kazi ya nje, basi, ifanyike kati ya Februari na Mei. Bwawa la Hombolo ni karibu zaidi na mjini, na ardhi oevu ya Bahi inafaa sana. Vaa mabuti ya mpira kwa sababu ya kichocho, na ukienda bwawa la Mtera usiingie majini hata kidogo, kwani kuna mamba na viboko. Ikiwa kitabu ni cha mimea ya asili yetu, gugu maji liache nje hata likikuvutia kwa maua yake, maana asili yake ni Amerika Kusini.

Hatua ya 2: Kuchora mmea ukiwa katika maji yake

Yungiyungi la bluu (Nymphaea nouchali) hufunua ua asubuhi na kulifunga alasiri, ilhali jeupe (Nymphaea lotus) hufunua usiku na hufunga kabla jua halijawa kali sana. Usitegemee rangi ya ua pekee kuyatofautisha. Jani la Nymphaea lotus lina meno makali yaliyopangika ukingoni kote, na mishipa yake hutuna sana upande wa chini. Katika lile la bluu, kila stameni (kijiti cha kiume cha ua) ina ncha ndogo inayopita chavulio, yaani sehemu yake yenye chavua, mara nyingi yenye rangi ya petali. Ncha hiyo ichorwe, kwa sababu mtaalamu wa mimea ataitafuta kabla ya kitu kingine chochote. Kata pia kikonyo kimoja upande kwa upande na uchore mirija yake ya hewa.

Mimea inayoishi chini ya maji hunywea mara inapotolewa nje. Iweke katika sinia jeupe lenye maji ya bwawani, uchore ukiitazama kutoka juu.

Hatua ya 3: Kupaka rangi

Tumia karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba, yenye uso laini. Hewa yetu ni kavu mno, na rangi hukauka ukiwa bado unaitandaza, ikaacha mstari mgumu katikati ya jani; lowesha jani zima kwa maji safi kwanza, na upake mapema asubuhi. Kijani cha kununua kwenye tyubu sikipendi hata kidogo, kwa kuwa hulifanya kila jani lifanane na plastiki. Changanya bluu na njano, kisha tuliza kwa nyekundu kidogo. Mng'ao wa nta juu ya jani uuache uwe weupe wa karatasi yenyewe.

Hatua ya 4: Kuskani na kuandaa kwa uchapaji

Hapa ndipo kazi nzuri huharibikia. Usipige picha kwa simu, hata iwe ya bei gani, kwa sababu mwanga haulingani kutoka pembe hadi pembe. Skana nyembamba za siku hizi nazo hutoa ukungu mahali popote ambapo karatasi imejikunja na kuinuka kutoka kwenye kioo. Tafuta ile nene ya zamani, au laza mchoro chini ya vitabu vizito usiku kucha kabla ya kuskani. Skani kwa nukta 600 kwa inchi na uhifadhi katika TIFF, si JPEG.

Tatizo kubwa ni bluu. Kioo cha kompyuta hutengeneza rangi kwa mwanga, lakini mashine ya uchapaji ina wino wa sayani (bluu ya kijani), majenta (waridi iliyokolea), njano na nyeusi tu, na bluu ya yungiyungi iko nje ya uwezo wa wino hizo. Ukiiacha programu ibadilishe yenyewe, ua hutoka zambarau. Mwombe mchapaji profaili ya rangi, yaani faili inayoeleza jinsi mashine na karatasi yake zinavyotoa rangi, badilisha faili kwa profaili hiyo, kisha punguza majenta: katika sehemu zilizokolea, sayani iizidi kwa pointi 30 hivi za asilimia. Petali zilizofifia zirekebishe kwa macho, kwa kuwa kanuni hiyo haizihusu. Angalia pia usuli, kwani ukiusafisha uwe mweupe kabisa, kingo za petali nyeupe hutoweka nao. Zizungushie petali hizo uteuzi kwanza katika programu, ili usafishaji usiziguse. Karatasi isiyopakwa tabaka laini kiwandani hunywa wino na kufifisha rangi, kwa hiyo nakala ya majaribio ichapwe kwenye karatasi ileile ya kitabu, nawe uitazame nje kivulini pamoja na mchoro halisi, kabla ya kulipa malipo ya mwisho.

Hatua ya 5: ISBN

ISBN ni namba ya kukitambulisha kitabu, na hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Iombe kabla ya kukamilisha jalada, ili mistari yake ya msimbo ipate nafasi nyuma ya kitabu bila kukata jani la mchoro.